Siku Tumbombele Alipokufa

Kabla sura yake haijapakiwa kwenye lori na kutembezwa mkoa mzima wa Maniema, Asani alikuwa mtani tu, na utani si kazi ya kuajiriwa, ni damu. Kwao Kabambare mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni watani tangu tumboni. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anayechimba kaburi, na maziko yakishapita huvaa nguo za marehemu, akaingia matangani akitembea kama marehemu, akikohoa kama marehemu, akigomba kwa nini ugali umechelewa. Wafiwa hucheka na machozi hayajakauka. Ndivyo msiba unavyotafunwa mpaka ukamezeka, na mfiwa asiyecheka huwatia watu wasiwasi kuliko aliyezimia.

Asani alipewa kipaji hicho hadi kikapitiliza. Hata koo ambazo hakuwa mtani wao zilimwazima. Siku moja Kasongo, alikokuwa akiishi, katika mtaa wa Waislamu, aliingia matangani mwa mzee mmoja aliyekuwa na tabia ya kujikuna mgongo kwa fimbo huku akilitukana jua. Mjane alipomwona mlangoni aliinua mikono kichwani akakimbia hadi uani, kisha akarudi, akakaa chini, akacheka mpaka wenzake wakamshika mbavu. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya Asani. Hakuwa na nyingine.

Wa pili kwa ufundi alikuwa Musafiri, mtoto wa shangazi yake. Hao wawili walilelewa nyumba moja Kabambare, kwa mama yake Asani, Mama Feza, wakilala mkeka mmoja na kufanana kama visigino vya mtu mmoja. Mama Feza alipofuka kwa ugonjwa wa macho wakati wavulana wangali wanachunga mbuzi. Tangu hapo Musafiri hakuacha kumchezea. Alisimama mlangoni na kuita kwa sauti ya Asani, "Mama, nimefika!" na yule mama akapapasa kutafuta sahani ya muhogo, mpaka Musafiri aliposhindwa kujizuia akacheka. "Kumbe ni weye, mume wangu!" alikuwa akisema. Maana mke wa mjomba na mpwa hutaniana hivyo: yeye ni mume, yule ni mke, na mjomba hana la kusema. Mwanawe mwenyewe hakumwita hivyo hata kwa mzaha. Asani alikuwa na jina la baba yake Mama Feza, kwa hiyo alimwita "Baba".

Kisha akaja Padri Antoine.

Huyu alikuwa Mbelgiji mwembamba, mwenye mashine ya kupigia sinema, na Serikali na misheni walikuwa wamemtia kichwani kwamba watu weusi watafundishika wakicheka. Alitaka sinema za kufundisha choo, za kufundisha pamba, za kukataza pombe. Alimwona Asani katika matanga fulani pale Kasongo. Watu wote walicheka, yeye hakucheka. Alimtazama mguu kwa mguu, jino kwa jino, vile mtu anavyomtazama mbuzi anayetaka kumnunua. Kesho yake akamwita, akamtaka acheze katika sinema zake.

Asani hakuwa mtu wa kukurupuka. Alisafiri hadi Kabambare kumwomba mama ruhusa, akimpelekea kitenge na habari njema, kwa mawazo yake.

Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo Padri, amefiwa na nani?"

"Hakufiwa, mama. Anataka tu kicheko."

"Kicheko ya matanga iko dawa, Baba. Iko na mugonjwa yake. Mutu mwenye hakufiwa, unamupa dawa ya nini?"

"Mama, wakati umebadilika. Watu watanijua mpaka Bukavu."

"Watajua nani?" Mama alikunja kitenge magotini bila kukipapasa wala kuuliza rangi na maua yake. "Enda. Siwezi kukufunga kamba. Lakini radhi yangu haiendi na weye. Siku utaacha hiyo kazi, utakuja, nitakupa. Iko hapa. Haiozi."

Asani alicheka, akambusu mkono. Alidhani hasira ya mama ni umande, jua likipanda itakauka yenyewe. Msiba wa kujitakia hauambiwi pole, lakini kijana wa miaka ile, mwenye mguu mwepesi na Padri anayemsubiri, ni nani angemzuia?

Basi akawa Tumbombele. Walimfunga mto wa sufi tumboni, wakamvika kofia ya mkapita, yaani mnyapara wa vibarua, na suruali inayotaka kuanguka kila mara. Tumbombele alichimba choo akatumbukia humo. Tumbombele alilala shambani, pamba ikaliwa na nyani. Tumbombele aliiba kuku, kuku akamshtaki kwa kelele. Picha hazikuwa na sauti. Pembeni ya kitambaa cheupe alisimama Dominique, katekista mwenye koo la radi, akisimulia kila kitu kwa Kiswahili na kuongeza ya kwake. Lori lilikwenda Lusangi, likaenda Salamabila kwa wachimba dhahabu, likaenda hadi vijiji ambavyo barabara yake ilikuwa jina tu. Popote lilipofika watu waliacha ndoa nusu, wakaacha ugomvi nusu, wakaja kumcheka Tumbombele.

Asani akapata umaarufu ambao mtu wa Kasongo hajawahi kuuota. Sokoni alishikwa mkono na watu asiowajua. Wanawake waliokuwa wakimpita kama nguzo sasa walimwita. Lakini hawakumwita Asani.

Aliliona hilo vizuri siku alipoombwa matangani kwa mara ya mwisho. Aliyefiwa alikuwa mama mmoja, Albertine, na mumewe alikuwa mshonaji mpole aliyezungumza na sindano mdomoni. Asani alijitayarisha kwa siku mbili. Akaingia ameinama vile marehemu alivyoinama, midomo imebana sindano isiyokuwapo, na ukimya wake ulikuwa ule ule. Zamani nyumba nzima ingeshika pumzi. Safari hii sauti moja ilipiga kelele kutoka nyuma, "Tumbombele! Anguka!" Wengine wakadakia, "Anguka! Anguka!" Alijaribu kuendelea. Wakapiga makofi. Mwishowe, kwa aibu au kwa mazoea, alianguka. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Albertine alimtazama bila kucheka, kisha akageuza uso ukutani. Tangu siku ile hakuna mfiwa aliyemwita tena Asani, na naye hakuuliza sababu.

Ilibaki kazi ya Padri, na kazi ya Padri ilikuwa na njia moja tu. Asani aliwahi kumwambia, "Padri, safari moja Tumbombele ashinde. Apande pamba yake, iote, basi." Padri alishangaa kweli. "Na watu watajifunza nini?" akauliza. Lilikuwa swali lisilo na ubaya, na Asani akaenda kufunga mto wake tumboni.

Mwaka uliofuata Padri akaamua kwamba Tumbombele afe. Pombe imuue, azikwe, watu waogope. Asani alisita. Alikuwa Mwislamu, na kufungwa sanda kwa mchezo kulimpa baridi mgongoni. Padri akasema si sanda, ni shuka tu ya kitanda cha misheni, na kaburi litakuwa shimo la mihogo. Asani akakubali. Alijiambia atakufa vizuri, kwa heshima, watu wanyamaze kidogo, na baada ya hapo Tumbombele amekwisha, na yeye ataweza kwenda kwa mama kuchukua kilicho chake. Alilitamani hilo kuliko alivyokubali kusema.

Lakini mashine ilipoanza kulia, kipaji kilimshika shingo. Alikufa, kisha akakaa ghafla kuomba kibuyu. Akafa tena. Wabebaji walipomwinua, mguu mmoja ukatoka nje ya shuka ukawa unacheza ngoma. Hata ndani ya shimo, udongo wa kwanza ulipomwangukia, alipiga chafya. Wabebaji walicheka mpaka wakakaa chini. Padri akakunja uso, lakini hakuwa na filamu ya kurudia. Ikabaki hivyo. Na mara moja akamchukua Asani kwenda naye Bukavu, kutengeneza sinema nyingine kwa jina jingine, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kupita Kabambare.

Lori lilifika Kabambare kabla yake.

Sasa, Mama Feza hakuwahi kwenda kwenye sinema; angekwenda kuona nini? Lakini miezi ilikuwa imepita mingi bila mwanawe kukanyaga nyumbani, na moyo wa mzazi si jiwe. Alimwambia binti yake Nuru, aliyekuwa akimtunza, "Nipeleke. Nataka tu kusikia namna watu wanamucheka." Pengine alikwenda akiwa ameshaanza kulegea. Nuru aliamini hivyo maisha yake yote, na imani hiyo haikumsaidia kitu.

Walikaa kwenye mkeka, mbele, uwanja wa ghala la pamba. Giza lilipoingia kitambaa kikawaka. Dominique, ambaye alijua wazi yuko wapi, akataka kuwapendeza wenyeji. Akaacha jina la Tumbombele, akatumia jina la nyumbani.

"Watu ya Kabambare! Mutoto yenu Asani, muangalieni! Anakunywa! Anakunywa tena! Anaanguka! Asani yenu amekufa!"

Uwanja ukanguruma kwa kicheko.

"Wanamubeba! Wanamufunga! Sasa iko mu kaburi, udongo huo, udongo huo!"

Mama Feza akashika mkono wa Nuru. "Wanacheka nini?"

Na Nuru, aliyekuwa amejishika tumbo, machozi ya kicheko yakimtiririka, akajibu kabla hajafikiri, "Mama, wanamuzika!"

Msiseme yule mama alikuwa mjinga. Kwao kicheko baada ya kaburi ndicho kitu cha kawaida kuliko vyote. Alisikia kifo, alisikia sanda, alisikia udongo, kisha akasikia mji mzima ukicheka vile watani wanavyocheka. Kama wangelia, angetia shaka. Alisimama, akafungua kilemba, akapiga ukelele wa mfiwa, ule unaoanzia chini ya kitovu. Na watu waliokuwa karibu wakamwona mama wa Tumbombele amesimama analia na Tumbombele anapiga chafya kaburini, wakadhani naye ameingia mchezoni. Wakacheka zaidi.

Nyumbani Nuru alimweleza mpaka sauti ikakauka. Ni sinema, mama. Ile ilikuwa shuka. Asani iko Bukavu, iko muzima, anafanya kazi na Padri.

"Vile vile mulisema juu ya baba yenu," Mama Feza akajibu.

Baba yao alikuwa amefia kwenye kazi ya lazima ya barabara, wakati mama yu kitandani na homa kali, na ukoo wote ulikaa ukaamua afichwe. Walimwambia mumewe yuko Kindu, mzima, anafanya kazi. Mgonjwa na mzee hawapewi kifo kibichi. Hupewa safari kwanza. Kila mtu hufanya hivyo, na Mama Feza mwenyewe alikuwa amewafanyia wengine. Kwa hiyo kila waliyemleta kumwapia kwamba Asani yu hai, alimsikiliza kwa upole, akamshukuru kwa kumhurumia. Akakaa chini kwenye mkeka wa matanga, hakutaka kitanda tena.

Habari zilimfikia Asani Bukavu kwa kinywa cha dereva. Alikuwa hospitalini akiugua kifua, sauti imekwaruzika, mwili umepukutika. Alipoinuka alingojeshwa karatasi ya ruhusa ya njia, na baada ya karatasi kulikuwa na mvua, na baada ya mvua daraja lililochukuliwa na maji. Safari nzima alikuwa na wazo moja: nitaingia, nitaita, atanijua, atanipa radhi, basi. Hakuomba zaidi ya hapo.

Alishukia sokoni Kabambare adhuhuri, juu ya magunia. Mwanamke mmoja muuza chumvi akamtumbulia macho, kisha akapiga vigelegele. "Tumbombele amefufuka!" Soko likaitika. Watoto, vijana, hata wazee wenye mvi wakamwandama njia nzima, wakicheka, wakimwiga kuanguka. Aliwasihi waache. Alivyosihi, ndivyo walivyocheka. Tumbombele naye alikuwa akisihi hivyo hivyo.

Ndani ya nyumba Mama Feza alisikia kicheko kikija, kikikua, kikifika mlangoni. Alikisubiri siku nyingi. Alikuwa akijiuliza kwa nini mtani wa mwanawe hajaja. Akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Mama," Asani akaita kutoka kizingitini, akikohoa. "Mama, ni miye. Nimefika."

Nyuma yake umati ukaangua kicheko.

Mama Feza akainamisha kichwa upande, akasikiliza mwangwi wake. Kisha akatabasamu, tabasamu la mfiwa anayetimiza wajibu.

"Vizuri, mume wangu," akasema. "Umekaribia kumuiga sawasawa. Lakini Asani hakukohoa vile."

Asani aliwafukuza watu, akafunga mlango, akapiga magoti mbele yake. "Mama, mimi si Musafiri. Musafiri iko Salamabila, mu mugodi. Mimi Asani. Shika."

Alimshika. Alipapasa koti. "Na koti yake wamekupa." Alipapasa uso, mashavu yaliyoingia ndani. "Umekonda, mutoto. Ile mugodi itakuua." Asani akamtajia mambo ya utotoni, mbuzi aliyepotea, jina la wimbo wa kubembelezea, kovu la goti. "Mulilala mukeka moja," mama alisema. "Unakosa kujua nini?" Nuru akaapa kwa Mungu kwamba ni yeye. "Nuru, weye ulikuwa wa kwanza kunificha." Asani mwenyewe akaapa, akalia, kilio cha mtu mzima kisichokuwa na sura nzuri. Mama Feza akaudhika kidogo.

"Usilie. Mutani halii. Unataka watu waseme hukuweza?"

Akabaki na neno moja tu alilolijia. "Mama, nipe radhi. Uliniambia iko hapa. Nipe."

Mkono wa mama ulikuwa bado juu ya koti.

"Ile alikwambia?" akauliza kwa sauti ndogo. "Maskini. Ilimuuma basi." Akafuta macho yasiyoona. "Nilimunyima, akafa nayo. Lakini radhi ya Asani haipiti mu kinywa ya mutani, mume wangu. Ni yake. Nitamupelekea mwenyewe. Siko mbali."

Tangu siku hiyo alikataa uji.

Asani alifanya kila aliloweza mtu kufanya. Alituma mtu Salamabila amlete Musafiri, ili mama asikie sauti mbili kwa pamoja. Msimamizi wa mgodi akasema mkataba ni mkataba. Aliacha kusema kabisa, akawa anamtumikia tu, anamnawisha miguu, anamgeuza ubavu, akitumaini mikono itasema. Mama Feza alimshukuru kila mara. "Mungu akulipe, mume wangu. Huyu binamu yako ulimupenda kweli." Asubuhi moja alimshukuru hivyo, kwa jina hilo hilo, na hakusema tena.

Musafiri alifika jeneza likiwa begani, vumbi la mgodi bado nyusini. Alichukua jembe kutoka mkononi mwa mtu akaingia kaburini kumalizia, kama ilivyompasa.

Siku ya kuanua matanga alitimiza na lililobaki. Alijifunga kanga ya marehemu, akashika fimbo yake, akaingia akipapasa ukuta, akiuliza nani ameweka kinu njiani, amemwona kipofu ni mbuzi? Watu wakacheka, wakalia, wakacheka. Akampita Nuru, akawapita wazee, akafika aliposimama Asani. Nuru alikuwa amemweleza yote. Musafiri akainamisha kichwa upande, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Asani.

"Baba," akasema kwa sauti ya Mama Feza. "Kumbe ni weye. Umefika. Radhi yangu nimekupa, ya dunia na ya mbele."

Mzee mmoja akaitika amina, na wengine wakafuata. Wote walimtazama Asani wakisubiri.

Alitaka kuitika. Mungu anajua alivyotaka. Lakini miaka yote aliyoishi alikuwa ameishi kwa kazi ile, na jicho lake halikuweza kukaa kimya. Aliona Musafiri alivyoshusha bega la kushoto ili apate uzee. Alisikia sauti ikivutwa kutoka puani, pale ambapo naye angeivuta. Ilikuwa kazi nzuri. Hapakuwa na mama ndani yake hata chembe.

"Asante, ndugu yangu," alisema, akaushika ule mkono, akautoa kichwani pake taratibu.

Kwa nyuma mtu mmoja akacheka, kisha mwingine, kisha uwanja mzima, maana walidhani Tumbombele ameanza.